Karatasi Inayosafiri na Majeruhi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni maneno ya watu wa biashara, na mpaka leo utayakuta yamebandikwa ukutani katika maduka, juu ya kichwa cha mwenye kupokea fedha. Leo, ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, nataka tuyatoe maneno hayo dukani tuyapeleke barabarani, pale mtu alipogongwa, amelala chini na watu wamemzunguka. Atabebwa, atafungwa kitambaa, atadungwa sindano, atahamishwa kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo kwenda hospitali ya rufaa. Mikono mitano au sita itamgusa kabla hajafika mezani kwa mpasuaji. Swali langu ni hili: mkono wa sita utajuaje mkono wa kwanza ulifanya nini?

Najua wapo watakaosema, mtu anakata roho wewe unaulizia karatasi! Hoja hiyo siidharau. Karatasi zimewahi kuwachelewesha watu kutibiwa hapa kwetu, na nitalifikia jambo hilo kabla sijamaliza. Lakini karatasi si za namna moja. Ipo inayoandikwa ili wakubwa wajue la kumfanyia mtu, na ipo inayoandikwa kwa ajili ya mgonjwa, iseme kile ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisema. Hii ya pili ina historia yake, na kwa sehemu kubwa historia hiyo ni ya vitani, kama yalivyo mambo mengi ya utabibu, mazuri kwa mabaya.

Tuanze na mama mmoja ambaye wengi tulisomeshwa habari zake shuleni, Florence Nightingale, yule wa taa. Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Kiingereza waliokuwa wakipigana na Warusi huko Krimea. Uchafu alioukuta, chawa na magonjwa ya kuhara, hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba alikuta hata hesabu ya waliokufa haijulikani. Daftari moja lilitoa idadi hii, la pili idadi nyingine, la tatu nyingine tena. Walikuwapo askari waliokwisha kuzikwa ambao vifo vyao havikuandikwa popote.

Nightingale alikuwa mtu wa hesabu kuliko alivyokuwa mtu wa taa. Aliporudi nyumbani alishirikiana na bingwa wa takwimu, William Farr, na mwaka 1858 akachapisha mchoro wake wa duara uliogawanywa mafungu kwa rangi, ukionyesha mwezi kwa mwezi kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yaliyoweza kuzuilika kuliko risasi za adui. Mwaka 1860, katika mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika London, fomu zake za kuzifanya hospitali zote ziandike mambo yale yale kwa namna ile ile ziliwasilishwa na kupokewa vizuri. Hazikudumu. Waliotakiwa kuzijaza waliona ni kazi kubwa na gharama. Kilio hicho bado tunakisikia katika wodi zetu, na si cha uvivu tu.

Hata hivyo daftari la Nightingale lilikaa hospitali. Halikutoka nje kwenda kumlaki majeruhi pale alipoangukia.

Huko nje, uwanjani, watu walikuwa wakijiandikia wenyewe. Horace Porter, aliyekuwa ofisa katika makao ya Jenerali Grant wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alisimulia kwamba usiku wa kuamkia shambulio la Cold Harbor, Juni 1864, aliwaona askari wamevua makoti yao wanashona. Kumbe kila mmoja alikuwa akibandika mgongoni mwa koti kipande cha karatasi chenye jina lake na la kwao, ili akifa ajulikane. Ni simulizi la kutia huzuni. Lakini tazama, karatasi ile ilikuwa ya maiti. Haikuwa na neno lolote la kumsaidia aliyejeruhiwa akiwa bado hai.

Karatasi ya aliye hai ilishika mizizi katika Vita Kuu ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918. Askari aliyeumia Ufaransa alipita vituo vingi: mahandakini alifungwa bendeji ya kwanza, akapelekwa kwa machela hadi kituo cha nyuma kidogo, kisha hospitali ya mahema, kisha garimoshi, kisha meli, hadi Uingereza. Kila kituo kilikuwa na daktari mwingine asiyemjua. Kwa hiyo jeshi la Kiingereza likawa linamfungia kwenye kifungo cha koti kadi yenye jina, namba, aina ya jeraha na dawa aliyopewa. Koti likivuliwa au kadi ikilowa matope, je? Ndipo ikaja njia rahisi kuliko zote. Aliyekwisha kudungwa sindano ya kinga ya pepopunda aliandikwa herufi T kwenye kifundo cha mkono kwa penseli isiyofutika. Ngozi yake mwenyewe ikawa daftari.

Kwa nini pepopunda? Kwa sababu vita ile ilipiganwa katika mashamba yaliyotiwa samadi ya farasi na ng'ombe kwa miaka mingi, na udongo wa namna hiyo ndio makao ya kijidudu cha pepopunda. Miezi ya mwanzo majeruhi walikakamaa na kufa. Ilipoamuliwa kwamba kila mwenye jeraha adungwe, ugonjwa ulipungua mno. Baadaye ikaonekana sindano moja haitoshi, irudiwe kila baada ya siku saba, na hapo tarehe ya sindano ya kwanza ikawa jambo la kufa na kupona. Aliyezikusanya na kuzichambua kumbukumbu za wagonjwa wa pepopunda katika hospitali za jeshi nchini Uingereza hatuna budi kumtaja, maana si mgeni kwetu: ni David Bruce, yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 na kuonyesha kwamba malale huenezwa na mbung'o. Bruce hakuokoa mtu kwa kisu. Alikaa mezani na karatasi za watu wengine.

Sasa tusimame kidogo hapa, kwa sababu vita hiyo hiyo ilipiganwa kwetu pia. Wakati askari wa Ufaransa na Flanders anafungiwa kadi kifuani, huku Tanga, Taveta, Mahiwa na bonde la Rufiji risasi na chakula vilibebwa kichwani na wapagazi. Waingereza waliwaita Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka wawezavyo, ndiyo asili ya jina Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wapagazi hao walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa vichomi, kwa kula chakula wasichokizoea na kisichowatosha. Idadi yao halisi haipo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri, na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Angalia upana wa hesabu hiyo. Baina ya 116,000 na 350,000 pana watu kiasi cha kujaza mji. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam ni ya heshima, lakini hutaona juu yake orodha ya majina.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Watu hupenda kusema kwamba kuandika ni suala la ufundi na vifaa. La hasha! Penseli zilikuwapo Afrika Mashariki. Jeshi lile lile lililojua kuandika T kwenye mkono wa mtu mmoja lilishindwa kuandika jina la mtu mwingine. Anayeandikwa ni yule ambaye mtu fulani, mahali fulani, atakuja kuulizwa habari zake.

Vita ya pili ikaleta somo jingine, la mofini. Daktari wa usingizi kutoka Boston, Henry Beecher, aliyekuwa na jeshi la Marekani huko Italia, aliona jambo la ajabu na mwaka 1944 akaliandikia. Askari aliyejeruhiwa, mwenye baridi, damu imempungua, anadungwa mofini chini ya ngozi. Kwa kuwa damu haizunguki vizuri, dawa inabaki pale pale ilipodungwa. Maumivu hayapungui. Kituo cha pili wanamwonea huruma, wanamdunga tena. Cha tatu vile vile. Kisha anafika mahali penye joto, anafunikwa mablanketi, anaongezewa damu, na mzunguko wa damu unaporudi dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo. Pumzi inapungua, na mara nyingine inakatika. Watu watatu wenye huruma wamemdhuru mtu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekosea kwa yale aliyoyajua. Ndiyo maana wauguzi wa vitani walizoea kumwandika M kwenye paji la uso aliyepewa mofini, pamoja na saa, na T aliyefungwa mkanda wa kuzuia damu mguuni au mkononi, kwa sababu mkanda huo ukisahauliwa kwa saa nyingi kiungo kinakufa.

Vita vikaisha, na somo likabaki jeshini. Uraiani hali ilikuwa nyingine kabisa, hata huko kwa matajiri. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema kwamba katika mwaka 1965 ajali ziliua Wamarekani 107,000, na kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini humo ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi. Sababu yake? Magari yao ndiyo yaliyokuwa marefu, mtu anaweza kulazwa. Sitaki kufanya mzaha na msiba, lakini fikiri unaumwa, unafumbua macho, unaona aliyekuja kukuchukua ni muuza majeneza.

Katika mji wa Pittsburgh kazi hiyo ilifanywa na polisi, na katika mtaa wa watu weusi uitwao Hill District watu walikuwa na sababu zao za kutopenda kuliona gari la polisi mlangoni. Mgonjwa alitupwa nyuma ya gari, askari wawili wakakaa mbele, na safari ikaanza. Hakuna aliyekaa naye, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuandika lolote. Mwaka 1967 Peter Safar, daktari mzaliwa wa Austria na mmoja wa waasisi wa njia ya kumfufua mtu kwa kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, alishirikiana na Phil Hallen na taasisi ya Freedom House kuwafunza vijana weusi wa mtaa huo huo, wengi hawakuwa na kazi, na wengine hata shule hawakumaliza. Walifunzwa mamia ya saa, jambo ambalo halikusikika kwa mtu wa gari la wagonjwa zamani hizo. Katika mwaka wao wa kwanza waliitikia miito karibu 5,800 na kusafirisha wagonjwa zaidi ya 4,600, na kwa hesabu ya Safar watu 200 waliokolewa.

Hesabu hizo tunazo leo kwa sababu ziliandikwa. Mkuu wao wa tiba katika miaka ya mwisho, Dkt. Nancy Caroline, alikuwa akipanda nao garini. Pamoja na yote hayo, Oktoba 1975 halmashauri ya mji iliifunga huduma ya Freedom House ikaanzisha ya kwake, ambayo baada ya muda karibu wote walikuwa weupe. Kumbukumbu nzuri haikuwaokoa na siasa. Ila iliwaokoa na kusahauliwa, maana mafunzo ya taifa ya wahudumu wa magari ya wagonjwa nchini Marekani yaliandaliwa na Caroline kutokana na kazi ile ile ya Hill District. Na huyu mama naye hakuishia kwao: katika miaka ya 1980 alikuja Nairobi kufanya kazi na AMREF, shirika la Madaktari Wanaoruka.

Lakini ukishakubali kuandika, unaandika nini? Hapa ndipo nilipo na mapenzi maalumu, kwa sababu ni habari ya lugha. Msikilize mtu anayempigia simu ndugu yake kutoka hospitalini. Atasema mgonjwa hoi. Atasema mahututi, hajitambui, amezimia, hajiwezi, yuko taabani, anaweweseka. Maneno matamu, na kila moja lina uzito wake kwa msemaji. Kwa msikilizaji, je? Hoi wa asubuhi na hoi wa jioni ni yule yule au amezidiwa? Madaktari nao walikuwa na tatizo hilo hilo kwa lugha yao. Mmoja aliandika mgonjwa ana usingizi mzito, mwingine akaandika nusu ya fahamu, na hakuna aliyejua kama wanasema jambo moja.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, wakaja na dawa ya maneno. Usiandike unavyodhani, walisema, andika unachokiona. Tazama mambo matatu tu. Macho: yanafumbuka yenyewe, kwa kuitwa, kwa kufinywa, au hayafumbuki? Maneno: anajibu sawasawa, anachanganya, anatamka ovyo, analia tu, au kimya? Mwili: anatii ukimwambia nyanyua mkono, anausukuma mkono wako ukimfinya, au hatikisiki? Kila jibu lina namba, na jumla leo huhesabiwa kutoka 3 hadi 15. Muuguzi wa zahanati akiandika 13 saa nne, na wa hospitali akaandika 9 saa sita, mpasuaji hahitaji hotuba. Anajua kichwani mwa mtu huyu kuna kitu kinazidi, na huenda ni damu. Namba ya pili peke yake isingemwambia hivyo. Ni ile ya kwanza, iliyoandikwa na mtu ambaye labda hawatakutana maishani, ndiyo inayompa maana.

Na msidhani kwamba mambo haya yalibuniwa Ulaya na Marekani tu. Akina mama wanaonisikiliza, hasa waliojifungulia hospitalini, huenda waliwahi kuona karatasi yenye mistari ambayo mkunga aliijaza kila alipowapima. Mistari miwili ya karatasi hiyo ilizaliwa Afrika. Mji ulikuwa ukiitwa Salisbury wakati huo, leo ni Harare. Daktari Hugh Philpott na mwenzake Castle walikuwa na shida tunayoijua: wajawazito wengi wako kwenye kliniki zenye wakunga bila daktari, hospitali iko mbali, na swali la kila siku ni lini mama ahamishwe. Ukimhamisha mapema mno hospitali inafurika. Ukichelewa mama na mtoto wanapotea. Mwaka 1972 walichapisha utafiti wao. Waliuchukua mchoro wa mwendo wa uchungu, uliokuwa umeanzishwa na Emanuel Friedman wa Marekani mwaka 1954, wakauchorea mistari. Wa kwanza ni wa tahadhari: alama zako zikiuvuka, mama apelekwe hospitali. Wa pili umechorwa saa nne mbele yake, na huo ni wa kuchukua hatua bila kungoja. Mkunga wa kliniki ya pembeni akawa na kitu cha kumwonyesha daktari asiyemjua, na daktari hakuweza kusema wewe ni nani wa kuniambia.

Shirika la Afya Duniani lilikuja kuijaribu karatasi hiyo katika hospitali za Asia ya Kusini Mashariki, kwa wanawake 35,484, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Waliokaa na uchungu kupita kiasi walishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Hakukuwa na dawa mpya. Hakukuwa na mashine. Mwaka 2020 Shirika lilitoa mwongozo mwingine wenye karatasi iliyorekebishwa, kwa kuwa imeonekana si kila mama huenda kwa mwendo mmoja. Wataalamu wanabishana juu ya mahali pa kuchora mistari, wala si juu ya kuandika.

Sasa turudi barabarani kwetu, kama nilivyoahidi.

Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, watu 213 walikufa na maelfu walijeruhiwa, wengi kwa vioo vilivyowaingia machoni. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam walikufa 11. Nairobi majeruhi walibebwa kwa matatu, malori, magari ya watu binafsi, chochote chenye magurudumu, na wananchi waliofanya hivyo wanastahili sifa ambazo hawajapewa zote. Lakini aliyeshushwa mlangoni hospitalini alishushwa bila karatasi. Ndugu zao walizunguka hospitali moja hadi nyingine, na mwisho mochwari, wakitafuta sura.

Hilo lilikuwa tukio la mara moja. La kila siku ni bodaboda. Kijana anagongwa, anapakiwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki au kwenye bajaji, anafikishwa. Na hapo tunakutana na karatasi yetu wenyewe, maarufu kuliko zote: PF3.

Kwa asiyejua, PF3 ni fomu namba tatu ya polisi. Kenya wana P3 yao, ndugu moja. Polisi huandika sehemu yake, kisha daktari huandika jeraha ni la namna gani, la siku ngapi, limesababishwa na kitu gani, na uzito wake kisheria ni upi. Ni karatasi ya kesi. Ni ushahidi, na ni ushahidi wenye masharti: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshtakiwa aelezwe kwamba anayo haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe mahakamani, na Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 katika kesi nyingi kwa kuwa sharti hilo halikutimizwa. Sina ugomvi na fomu hiyo. Mwanamke aliyepigwa nusura afe anaihitaji. Aliyebakwa anaihitaji. Wakati mwingine ndiyo karatasi pekee iliyo upande wake.

Ugomvi wangu ni na zamu yake katika foleni. Kwa miaka mingi majeruhi amefikishwa hospitali akaulizwa PF3 iko wapi, akarudishwa kituoni huku bendeji inalowa. Jirani yangu mmoja, fundi seremala, aliyekatwa vidole viwili na msumeno, aliambiwa hivyo katika hospitali moja ya hapa mjini. Msumeno wake mwenyewe! Alikuwa amshitaki nani? Viongozi wa serikali wametangaza zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Wakenya wameliweka katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tangazo likitolewa hali hutengemaa kwa muda, kisha muuguzi wa zamu ya usiku, anayeogopa kuulizwa kesho yake kwa nini alimtibu mtu ambaye huenda ni jambazi, anarudi kuulizia karatasi. Simlaumu sana. Ameona wenzake wakiitwa kujieleza.

Lakini hebu ichukue PF3 iliyojazwa vizuri, isiyo na kasoro, umpe daktari anayempokea mgonjwa aliyehamishwa kutoka wilayani. Mkanda wa kuzuia damu ulifungwa saa ngapi? Fomu hiyo haikutengenezwa kumjibu. Alipookotwa alikuwa anasema? Haisemi. Amepewa dawa gani ya maumivu, na kiasi gani? Haisemi. Imeandikwa kwa ajili ya hakimu atakayekaa miezi mingi baadaye, wala si kwa ajili ya mtu anayenawa mikono sasa hivi. Serikali ya kikoloni ilijenga karatasi ya kumtafuta mkosaji, nasi tukairithi, tukaitunza, tukaifahamu kwa jina lake la kifupi hata mtoto mdogo anaijua. Karatasi ya kumtafuta mgonjwa alipofikia haina jina mtaani.

Si kwamba haipo kabisa. Zipo fomu za rufaa, ambazo zikijazwa hujazwa kwa haraka, mistari miwili na mhuri. Upo mwamko tangu Muhimbili ilipofungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010 na kuanza kuwasomesha madaktari bingwa wa kazi hiyo, nao wamekuwa wakali juu ya kuandika saa, presha, mapigo ya moyo na zile namba za Glasgow. Na lipo lile daftari dogo la shule, la kurasa chache, ambalo mgonjwa wa kawaida hulinunua mlangoni ili daktari aandikie humo, akaenda nalo nyumbani, likawekwa chini ya godoro pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Wageni hulicheka daftari hilo. Mimi naliheshimu, kwa kuwa ni karatasi inayosafiri na mwenyewe. Tatizo lake ni moja: siku ya ajali liko nyumbani.

Nilimuuliza dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa kijiwe cha karibu na studio, ambaye amekwisha kuwabeba majeruhi watatu, kama aliwahi kuulizwa lolote alipowafikisha. Akasema ndiyo, aliulizwa jina lake na namba ya pikipiki. Mara zote tatu. Je, aliulizwa kama mtu huyo alikuwa akizungumza njiani? Akanitazama, akasema, wa pili alizungumza mpaka tulipofika kwenye taa, kisha akanyamaza. Hilo hajawahi kumwambia mtu.

Kutoka kwenye taa hizo hadi hospitali ni dakika saba hivi kwa pikipiki, pasipo foleni. Wiki ijayo, panapo majaliwa, saa hii hii, tutazungumzia magari yenyewe ya wagonjwa: yalifikaje hapa nchini, na kwa nini mengi huonekana yakibeba kila kitu isipokuwa wagonjwa.